Uzinduzi wa Dirisha Jeusi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi; Mheshimiwa Msaidizi wa Mgeni Rasmi; Wakurugenzi, Wakurugenzi Wasaidizi, na ninyi mnaokaimu nafasi za waliokwenda semina; wakuu wa idara, masijala na stoo; ndugu zetu walinzi mliosimama mlangoni kwa sababu viti vimekwisha; mke wangu mpenzi, uliyekuja kuhakikisha kwamba kweli nina kazi (kicheko); mabibi na mabwana: ambaye sikumtaja ajue nimemtaja moyoni.

Nasimama mbele yenu nikiwa Mratibu Mkuu Msaidizi Mwandamizi wa Mifumo, cheo ambacho hakikuenea kwenye kibao cha mlango ikabidi kimalizikie ukutani (makofi), ili kuzindua rasmi Mradi wa Dirisha Jeusi, mradi jumuishi, endelevu na shirikishi kwa mastekholda wote, unaowezesha kompyuta mia moja na kumi na nne za jengo hili la vyeti, ghorofa zote nne, kuamrishwa kwa maandishi tu kutoka meza moja, ambayo kwa bahati ni yangu. Zamani kompyuta ya cheti cha kuzaliwa ikigoma, fundi alipanda ngazi, akapiga magoti, akahangaika nayo huku mama mwenye kichanga anasubiri dirishani. Leo nafungua dirisha jeusi kwenye skrini, naandika mstari mmoja wenye vistari na vinukta, nabonyeza Enta, nakunywa chai. (Makofi. Sauti ya mke: "Hapo kwenye chai naamini!")

Takwimu hazidanganyi, wanaodanganya ni sisi tunaozipika. Kwa miaka mitatu nimetoa amri elfu nne mia mbili na saba, na asilimia tisini na nane nukta sita zimetekelezwa. Zilizobaki zilikuwa za siku ambazo fundi alikuwa likizo, jambo ambalo kitengo changu cha tathmini, yaani mimi, kiliona ni sadfa. Kila jioni nilichapa skrini yangu kwenye karatasi kwa ajili ya faili, nakala moja kwa fundi, "kwa taarifa," na kesho yake jengo zima limetii. Hata siku niliyoandika amri ya kufuta kila kitu badala ya kufuta takataka, mashine zilielewa nilichokusudia, zikafuta takataka tu. (Makofi marefu.) Hiyo, ndugu zangu, ndiyo teknolojia yenye busara.

Kwa ufanisi huo, nilipendekeza kwa kalamu yangu mwenyewe kwamba fundi hahitajiki tena. Huyo hapo kiti cha mbele, ameshika maua, yule tunayemwita Mama Waya. Mkataba wake umeisha leo saa sita mchana. Mpigieni makofi. (Makofi machache.)

Sasa onyesho. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, amri nimeshaiandika: inaziambia kompyuta zote zijizime na kujiwasha upya. Karani wa ghorofa ya nne yuko kwenye simu, spika iko juu. Bonyeza Enta, Mheshimiwa. (Anabonyeza. Makofi.) Karani, zimezima?

(Karani, simuni: "Zinawaka tu, bosi. Mmoja hapa anacheza karata." Kicheko.)

Bonyeza tena, Mheshimiwa, kwa uzito wa ofisi yako. (Anabonyeza. Karani, simuni: "Bado, bosi.") Mama Waya... mbona umekaa?

(Mama Waya: "Nimekaa kwa sababu sasa ni saa saba, bosi, na mkataba uliisha saa sita. Halafu raba zangu za kupandia ngazi nimeziacha nyumbani. Leo nimevaa viatu vya kuagwa.")

Lakini zile nakala zilikuwa kwa taarifa tu!

(Mama Waya: "Nilitaarifika. Nikapanda ngazi, nikaziandika amri zako meza kwa meza, baada ya kuzirekebisha. Ile ya kufuta kila kitu niliichana.")

Naomba maji. (Anapewa.) Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, yangu haikufika hata mlangoni. Ijumaa iliyopita kifuniko cha kalamu kiliviringika chini ya meza yangu, nikapiga magoti kwa mara ya kwanza tangu nipandishwe cheo, nikaukuta waya wa mtandao wa kompyuta yangu umekunjwa chini ya zulia, haujachomekwa popote tangu siku ya kwanza. Nikalirudisha zulia. Kadi za mwaliko zilikuwa zimeshatoka, nikajiambia Mama Waya ni muungwana, atapanda ngazi hata leo. Naona aibu, ndugu zangu. Nilipiga magoti mara moja nikalalamikia mgongo siku mbili, na mwenzangu amepiga magoti kwenye meza mia moja na kumi na nne, kisha nikamwandikia barua ya kwaheri.

Kesho saa mbili madirisha yanafunguliwa, na kompyuta zikigoma hakuna wa kuziamsha. Mheshimiwa, barua ile nimeichana hapa mbele yako. Naomba mpya, ya ajira, na jina la mwenye kazi liwe lake. (Mgeni Rasmi: "Kwanza muulize kama anataka.")

Tumalizie kwa kaulimbiu, maana imeshachapwa kwenye fulana. Amri moja!

(Karani, simuni: "Jengo zima! Bosi, tuendelee kusubiri?")

Ahsanteni sana kwa kuhudhuria uzinduzi wa mradi ambao haujawahi kuwapo. Aliyekuwapo ni Mama Waya, na naona ameshafika mlangoni na maua yake. Walinzi, mchelewesheni kidogo, niacheni nipite. Yeye ngazi amezizoea, mimi bado.