Nilivyojilinda na Wezi Mpaka Nikatukana Wakwe

Jamani, leo nimeaibika. Mchana kweupe, nimevaa koti, mbele ya ukoo mzima wa watu ninaotaka kuoa kwao! Nawaandikia ninyi mnielewe mapema, maana hapa Bariadi habari imefika kabla yangu.

Nianze mwanzo. Mnajua nina kompyuta nyumbani (ile ya mtumba niliyoitoa Mwanza, yenye kisogo kikubwa, ukiiwasha jirani anadhani nasaga mahindi). Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu hapa shuleni alipata barua pepe. Ilimwomba jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, namba ya kitambulisho. Akajaza yote, akashukuru na kushukuru. Muda si mrefu kuna mtu asiyemjua anakopa huko kwa jina lake!

Nikaapa. Mimi? Siibiwi! Nikasoma kila nilichokikuta kuhusu watu wanaoiba majina ya wenzao. Nikachoma bahasha zote zenye jina langu. Nikamkataza mama asimwambie mtu tarehe yangu ya kuzaliwa (mwenyewe haijui, anachokumbuka ni kwamba mwaka huo pamba iliozea ghalani). Nikabadili na paswedi. Walioandika wanasema usiweke jina la mchumba wala la mtoto, basi nikaweka jina la fahali wetu aliyeko Ipililo kwa baba. Anaitwa Diwani, kwa sababu anapiga kelele kuliko wote na jembe linavutwa na wenzake. Nikajisemea, mwizi wa mjini atamjulia wapi Diwani?

Sasa, Minza. Minza ndiye mchumba wangu, kwao Mwamapalala. Wiki mbili zilizopita alikuja kwangu, akanikuta natafuta herufi kwenye kompyuta kwa kidole kimoja, akaniambia, "Kuna watu wa nyumbani watakuuliza habari za kwenu. Uwajibu vizuri, tafadhali." Nikasema hakuna shida. Kwetu Wasukuma hilo ni la kawaida, hakuna anayetoa binti bila kujua anampeleka kwenye ukoo gani. Mimi nikawa nasubiri wazee wawili waje na baiskeli.

Hawakuja. Ikaja barua pepe.

"Kijana, salamu. Kabla jambo halijaenda mbele, tunataka kujua jina lako kamili, tarehe na mahali ulipozaliwa, jina la baba, jina la babu, jina la mama na kwao ni wapi, kazi yako, na ng'ombe mlio nao. Jibu haraka. Luhende."

Haya, ninyi mngefikiri nini? Luhende simjui! Jambo gani, halisemwi! Jina la mama linatakiwa! Na "jibu haraka", ambalo ndilo neno la wezi wote! Hasira zikanipanda mpaka masikioni. Nikakaa, nikamjibu, na nilivyokuwa naandika nilikuwa nacheka peke yangu kwa raha (Mungu anisamehe).

Nikasahau. Nikaendelea kusubiri baiskeli.

Ndipo leo. Asubuhi nimefika Mwamapalala na baba mdogo, Mzee Ndaki, ambaye ndiye mshenga wangu. Mambo mazuri. Salamu za Kisukuma kila upande, mwadila, mwadila. Viti vimepangwa, soda zimekuja. Katikati amekaa babu yake Minza, mwenye mji, mzee sana, kimya, fimbo magotini. Pembeni yake bwana mmoja mwenye miwani, amekuja kutoka Shinyanga. Minza huwa ananisimulia habari zake, lakini siku zote anamwita "Baba Shinyanga" tu. Ni kaka mkubwa wa baba yake.

Baba mdogo akaanza, "Tumekuja kuomba uhusiano."

Yule wa Shinyanga akasema, "Karibuni. Mimi ndiye Luhende."

Soda ikanipalia.

"Tulimwandikia kijana maswali," akaendelea. "Tuliona aibu kutaja jina la binti kwenye mtandao. Na kijana alijibu." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi. AMEIPRINTI! Akaikunjua polepole kama anasoma wasia.

"'Wewe mwizi, nimekujua kabla hujazaliwa.'"

Kuku tu ndio walikuwa wanaongea.

"'Baba yangu anaitwa Polisi. Babu yangu anaitwa Shetani. Kwa mama yangu ni gerezani, utamkuta huko ukifika.'"

"Mayu wane, mama yangu!" akasema bibi mmoja, akajifunika kanga usoni. Baba mdogo akanigeukia. Yeye ni mdogo wake Polisi na mtoto wa Shetani, sasa ndiyo anajua.

"'Ng'ombe tunao wawili tu: wewe na baba yako.'"

Watu wote wakamtazama babu. Babu akainua kichwa. "Amesema nini?"

"Amesema wewe ni ng'ombe, baba."

Mzee akafikiri.

"Dume au jike?"

"Hakueleza."

Nikapiga magoti. Koti, suruali ya pasi, vumbi, sikujali! Kwa dakika hiyo nilimwona Minza anaolewa na mtu mwingine kabisa. Nikaeleza yote, mwalimu mwenzangu, barua, watu wanaoiba jina lako na kujifanya wewe.

Mzee Luhende akavua miwani. "Jina lako wewe? Hata nikipewa bure silichukui."

Wakacheka. Nikapata pumzi kidogo. Lakini babu akagonga fimbo chini. "Asimame, ajibu sasa."

Nikasimama. Nikataja kila nilichokificha mwezi mzima, kwa sauti, mbele ya ukoo, majirani na mpita njia mmoja aliyesimamisha baiskeli yake kusikiliza. Jina, tarehe, babu, mama na kwao. Yote!

"Na faini ya tusi," akasema babu, "ni fahali wenu mkubwa. Atangulie kuja. Anaitwa nani?"

Nikainama kupangusa vumbi magotini. Jamani, si paswedi hiyo!

"Anaitwa nani?"

"Ni... ni mweusi, babu."

"Anaficha ng'ombe!" wakapiga kelele. Baba mdogo ananikanyaga mguu. Minza, aliyekuwa anapita na jagi la maji, akashindwa kuvumilia.

"Si useme Diwani! Ndiyo paswedi yake hiyo, babu. Akiandika huwa anatamka: D, I, W, A..."

Kumbe natamka! Miaka yote hii natamka! Bibi wa kanga amecheka mpaka akaomba maji, na Minza aliyempelekea maji anacheka kuliko yeye.

Basi, nimekubaliwa. Minza ni wangu, Mungu mkubwa. Diwani anatoka Ipililo Jumamosi, kamba shingoni, na mimi ndiye wa kumswaga.

Msicheke, nawaomba. Ninyi paswedi zenu mnazijua wenyewe. Yangu inachungwa na wakwe.