Simu kwa Daktari Njura

Jumatatu, 3 Juni 1996
Kibugu. Mvua. Simu ya kituo cha afya imetengenezwa. Balaa! Sasa mgonjwa akinishinda sharti nimpigie bingwa wa akina mama mjini, Daktari Njura. Ndiye aliyenifundisha udaktari. Siku moja alinikemea wodini mpaka wagonjwa wakanihurumia. Nimeifunika simu kwa kitambaa.

Jumanne, 4 Juni
Kaja Wamuyu, mchuma chai, mimba ya miezi minane. Kichwa kinamgonga, miguu imevimba, presha juu. Nikampa dawa na kitanda. Sista Ednah akauliza kama nimempigia Daktari Njura. Nikasema laini imekufa. Akainua mkonga. Laini ikalia vizuri kabisa. Msaliti!

Jumatano, 5 Juni
Presha imezidi. Wamuyu anaona vimulimuli. Akinifia je?
Nikapata mbinu! Nipige kwa jina la Kithinji, daktari wa kituo cha Kanja, yule mwenye maringo. Akifokewa, shauri yake. Nikabana pua. Njura hakufoka. Aliuliza presha, mkojo, kama mtoto anacheza. Akasema nimchome sindano ya kuzuia kifafa, ambulansi inakuja.
Nikachoma. Nikangoja. Hakuna gari. Nikapiga tena, pua imebanwa. Njura akashangaa: kapigiwa simu kutoka Kanja, gari liko huko, dereva anagombana na Kithinji, kila mmoja anamwita mwenzake mwongo.
Kanja! Yesu wangu!
Ednah akapiga ukelele: Wamuyu anakakamaa. Nikaachia pua.
"Daktari, ni mimi Njuki! Mgonjwa yuko Kibugu!"
Nikajua nimekwisha.
"Njuki, mlazeni kwa ubavu. Gari linageuza. Sikati simu mpaka lifike."
Hakukata. Nilikuwa nalia kama mtoto.

Alhamisi, 6 Juni
Wamuyu yu hai! Amepasuliwa mjini, kapata msichana, mdogo kama kiazi, lakini kelele zake zinajaza wodi. Njura mwenyewe kanipigia. Nilisimama wima nikimsikiliza. Akasema kuogopa si kosa. Nikiogopa nipige mapema, na kwa jina langu. Nikaapa kwa Biblia ya Ednah.

Ijumaa, 7 Juni
Mzee Nyamu kaanguka, paja limevunjika. Nimempigia mapema bingwa wa mifupa, Meru. Sauti yake nzito! Jasho likanitoka. Nikabana pua, nikasema ni Daktari Mbogo wa Makutano. Bingwa akawa mpole sana. Ambulansi inakuja sasa hivi.
Niko getini, naitazama barabara.