Hotuba ya Kumpokea enp4s0 Kazini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya aliyealikwa kupata udhuru, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, na Makamu wake, na mjumbe anayekaa kati yao, Daktari Mkuu wa kituo hiki cha afya, wauguzi wa zamu na wa akiba, akina mama mliobeba watoto, wazee wetu mliokaa, na wazee wetu mliosimama kwa kuwa viti vimeletwa huku mbele kwa ajili yetu, wadau wote wa sekta ya waya, itifaki imezingatiwa.

(Makofi machache. Wengi wetu mikono ilikuwa na watoto. Wangu alikuwa pajani, anachemka kama sufuria. Majibu ya damu yake yako hospitali kubwa, na bila majibu mfamasia hatoi dawa, maana hajui ampe ipi. Majibu huja kwa kompyuta ya mapokezi, na kompyuta yenyewe imekuwa bubu tangu Jumatatu.)

Ndugu wananchi, nimesikia manung'uniko, na manung'uniko ni dalili ya maendeleo. Ofisi ya Msimamizi wa Majina ya Vifaa, ambayo mimi ni mwanzilishi wake, msimamizi wake na mlezi wake, haikulala. Iliunda kikosi kazi, kikosi kazi kikaunda kamati ndogo, na kamati ndogo ikafanya upembuzi yakinifu shirikishi ambao umebaini yafuatayo. Mashine ilifunguliwa ili ipulizwe vumbi. Katika mchakato huo kadi ya mtandao, yaani kile kidude kinachochomekwa waya, ilitolewa kwenye tundu lake ikarudishwa tundu la jirani. Sasa, kompyuta hii huipa kadi jina kufuatana na tundu ilipokaa. Kule iliitwa enp3s0. Huku imezuka inaitwa enp4s0. Mipangilio yetu ikaendelea kumwita enp3s0 kila mashine ikiwashwa, na enp3s0 haitiki.

(Mzee mmoja wa nyuma akauliza huyo enp ni mtu wa ukoo gani. Muuguzi akamwambia, "Nyamaza babu, ni kidude.")

Fundi alikuja ofisini kwangu na pendekezo kwamba ile tatu iandikwe nne, basi, mambo yaende. Nikamwambia, baba, hapa si gengeni. Huyu enp3s0 yumo kwenye rejista ya mali ya kituo. Ameacha kazi bila notisi. Na kiti chake kimekaliwa na enp4s0, ambaye hakuomba nafasi, hakusailiwa, wala hakuna anayemdhamini. Kama huyo si mfanyakazi hewa, hewa ni nini? Nikaagiza, kwa uchungu nilionao na nchi hii, waya uchomolewe hadi atakapofanyiwa usaili.

(Hapo mwanangu akajipinda mapajani, akalia kile kilio cha chini kinachotisha kuliko cha juu. Nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa, samahani. Mtoto nikimhamisha kitanda si bado ni wangu? Namwita pale alipo, anaitika.")

Swali zuri sana la mama, nimelipokea, na litajibiwa kwa maandishi. Ila mtoto wako, mama, ana cheti cha kuzaliwa. enp4s0 anacho? Keti, mama, mtoto asipate upepo.

(Nikaketi. Jirani yangu akanisukumia kitambaa kibichi cha kumkanda nacho, akaniambia nisimjibu, mwenye kisu ndiye mla nyama.)

Ndiyo maana leo ninazindua Mradi wa Kimkakati wa Urasimishaji wa Majina ya Vifaa vya Mtandao, ambao utatekelezwa kwa awamu, kila awamu ikitanguliwa na semina na kufuatiwa na semina. Tafiti zetu zinaonyesha kuwa asilimia tisini na saba ya kadi zote hazijui haki zao, na asilimia kumi na nane zilizobaki zinazijua kwa juu juu. Ifikapo mwisho wa mradi, kila kadi itakuwa na jina, picha ndogo na mwajiri. Wenzangu wananiuliza, wewe hulali? Nawajibu, nitalalaje wakati waya hazina...

Subirini kidogo. Katibu wangu ananinong'oneza kwamba Mheshimiwa Waziri, ambaye hotuba hii inarushwa kwake moja kwa moja kupitia kompyuta hiyo hiyo ya mapokezi, hajaona hata pua yangu. Anasema waya umechomolewa. Nani aliyeagiza waya uchomolewe?

(Tukamtazama yeye.)

Basi, basi. Kwa mamlaka niliyopewa namwajiri enp4s0 papo hapo, kwa muda, bila usaili. Fundi, chomeka. Andika hiyo nne yako.

(Fundi akainama, akaandika, akauzima mtandao na kuuwasha tena. Sijamaliza kumpangusa mtoto jasho, taa ya kijani ikaanza kupepesa. Muuguzi akasogeza uso kwenye kioo, kisha akaniita kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeita mgeni mezani: "Mama mwenye mtoto wa homa, majibu yako haya. Pita dirisha la dawa." Nikaenda na viatu mkononi. Wengine wakanifuata, kila mtu na lake. Haya yaliyobaki niliyasikia kwenye kipaza sauti, mwanangu akikunja uso kwa uchungu wa dawa ya kwanza.)

Naona mnaondoka kwa hamasa, nami nawaunga mkono. Kadi kwanza! Jina halali, tundu halali! Itikieni, ndugu zangu. Itikieni hata huko dirishani.

Nawashukuru sana kwa kuupokea mradi huu na kuufanya wenu. Mpiga picha ananiuliza mradi wenyewe uko upande gani, asije akaukata. Piga mimi tu, baba. Mradi ulikuwa ni hii hotuba, na umekamilika ndani ya muda.