Taa Mchana, Barabara ya Ggaba

Jumatatu, 7 Aprili 1975

Petroli sasa ni ya kutafuta kwa tochi. Mama Kaltumi, mwenye bekari yetu ya Kamwokya, asema atabaki na gari moja na dereva mmoja: atakayewahi maduka ya Kansanga wiki hii. Mimi au dereva mwenzangu Ochan. Nami mke wangu Akoth ni mjamzito, na baba yake kule Kisumu anangoja tu nifukuzwe kazi amchukue. Hanipati! Ochan anaendesha kama bibi harusi. Msafara wa jeshi ukija, anawasha indiketa, anapunguza mwendo, anashuka lami taratibu hadi kwenye changarawe kuupisha. Mimi nashuka na mwendo wangu wote.

Jumanne, 8 Aprili

Wazo! Nani huwasha taa kubwa mchana? Wakubwa wa jeshi tu. Nami nikawasha. Lo! Barabara nzima ikanipisha, hata padri wa Lubaga na pikipiki yake. Ochan naye alikuwa pembeni, ameketi wima, kofia mkononi. Aliponitambua alisonya. Nimefika mikate ingali moto. Nimecheka hadi mbavu zinauma.

Alhamisi, 10 Aprili

Jana sikuandika. Nilikutana na msafara wa kweli, taa kwa taa! Nikakata kushoto bila kupunguza. Mvua ilikuwa imekula ukingo. Kutoka lami hadi chini ni kimo cha kigoda. Gurudumu likadumbukia, nikakanyaga breki, changarawe ikateleza, gari likalala mtaroni. Mikate ikaogelea.

Koplo akaja na bunduki. Akauliza mimi ni mkubwa gani wa kuwasha taa mchana. Nilimwaza mtoto ambaye sijamwona. Ndipo Ochan, aliyepaki mbali penye ardhi ngumu, akaja mikono juu. "Afande, hii gari swichi yake naharibika. Taa nakataa kuzima."

Koplo akanitazama, akacheka. Askari wake wakabeba mikate iliyobaki mikavu, wakaenda zao. Nikamkumbatia Ochan nikalia.

Ijumaa, 11 Aprili

Gari ni la Ochan. Lakini amemwomba Mama Kaltumi nibaki tanboi, msaidizi wake garini: kabla hajapaki nishuke, nikanyage ukingo, nimwambie kama ni mgumu. Akoth amemshukuru Mungu. Mtu mwema sana, Ochan.

Nimewaza kutwa. Kila duka la Kansanga nitamwambia pembeni ni tope tupu. Atatafuta pa kusimama hadi ziwani, mwisho wa barabara, mikate itapoa, Mama Kaltumi atamchoka. Naanza kesho.