Mabomba ya Bwana Gibson na Video Mliyoifuta

Ferista Kibona,
Chapwa, Tunduma.

Kwa Mkurugenzi,
Runinga ya Kilele.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUBORESHEWA HUDUMA MPAKA IKAISHA

Nakusalimu kwa heshima yote iliyosalia. Mimi ni muuza vitenge hapa Chapwa, mzaliwa wa milima ya Ileje. Nimesoma tangazo lenu kwamba, ili "kutuboreshea huduma", mmeondoa mtandaoni vipindi vyenu vyote vya zamani. Hongera. Sisi tuliokulia shambani tulikuwa hatujui kwamba shamba huboreshwa kwa kung'oa mahindi. Hata hivyo, nina malalamiko machache.

1. Miaka ya nyuma watangazaji wenu walifika kijijini kwetu Ileje. Tuliwachinjia jogoo, nao wakamrekodi mama mkwe wangu, Bibi Agnes, akieleza jinsi wanawake wa zamani walivyoshuka bondeni kuchota maji huku wakiimba, ili chui awasikie na kupisha njia. Akauimba na wimbo wenyewe. Mwaka uliofuata akafariki. Sauti yake ikabaki kwenu tu, na wanangu wakawa wanamsikiliza kwenye simu. Sasa wakibonyeza wanajibiwa, "Ukurasa huu haupo." Kitinda mimba wangu, Tumpale, akaniuliza, "Mama, Bibi amekufa tena?" Naomba mtume mtaalamu wenu wa maboresho aje amjibu.

2. Siku hiyohiyo Bwana Gibson, tajiri wa malori hapa Tunduma, alisimama mbele ya kamera yenu akaahidi kuleta mabomba ya maji hapo kijijini kwetu, ambako naye alizaliwa. Tulipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba. Juzijuzi wazee walipomkumbusha, alicheka: "Ushahidi uko wapi?" Mume wangu, Andongwisye, akachomoa simu kwa madaha. Ukurasa haupo. Ndugu Mkurugenzi, hujawahi kuona mwanamume mzima akiitikisa simu kama chupa ya dawa. Hata hivyo hakukubali kushindwa. Alimwambia, "Mke wangu anawaandikia wenye video. Wakiirudisha, tutaionyesha pale mpakani, madereva wote wakuone." Ndiyo sababu ya barua hii.

3. Mnasema kumbukumbu zilijaza nafasi. Matangazo ya kamari hayajazi? Hayo mmeyaacha yote, yamenawiri. Bibi aliyeimba dakika chache ndiye mzito.

4. Kwa kuwa mnapenda nafasi, nashauri msiishie njiani. Futeni taarifa ya habari ya jana, kwa sababu imeshapita. Ya leo nayo futeni kabla hamjaisoma, kwa sababu kesho itakuwa ya jana. Kisha mgeukie ile picha yako iliyo kwenye tovuti yenu. Hiyo ni ya zamani kuliko vipindi vyote. Bado ulikuwa na nywele.

5. Kama ushauri huo ni mgumu, basi rudisheni kila kitu. Watu waliowafungulia milango yao hawakuwapa sura zao ili mzitupe mkichoka.

Nisalimie wasomaji wa habari, mafundi mitambo, walinzi wa getini, na yeyote aliyebonyeza kitufe cha kufuta. Mwambie tunauombea mkono wake.

Nabaki mtazamaji wenu mwaminifu wa ukurasa usiokuwepo,

Ferista Kibona

N.B. Kabla sijaituma barua hii, amefika dukani Brenda, mteja wangu kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kumbe aliipakua video ile zamani kwa kuupenda wimbo wa Bibi. "Mukwai, chukua tu," akasema kwa adabu ya kwao, akanirushia kwenye simu. Tumpale hajaiachia simu tangu hapo. Lakini sisi wakubwa tumeitazama mpaka mwisho. Bwana Gibson hakuahidi kitu. Alisema, "Mabomba ni jambo zuri, tutaliangalia." Sauti iliyopasuka nyuma ya kamera, "Jamani, ameahidi!" ni ya Andongwisye. Vigelegele vilikuwa vyetu. Ubaya ni kwamba Bwana Gibson naye hakumbuki alichosema, na kwa kuogopa kuaibishwa mpakani, jana lori lake lilishusha mabomba kijijini. Vijana wanachimba mtaro. Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, nakusihi kwa unyenyekevu: msirudishe chochote. Na kama kuna nakala imejificha kabatini kwenu, tafadhali tuboresheeni na hiyo.