Nilivyomuua Mududu wa Grâce

Jamani, aibu niliyoipata leo sijui niiweke wapi.

Mnajua tangu nimfuate mume wangu hapa Brussels nimekaa tu nyumbani. Nafua, napika, naangalia mvua. Sasa leo ilikuwa siku yangu ya majaribio kwenye chekechea moja huko Uccle. Wanatafuta msaidizi wa mwalimu. Nikifanya vizuri, Jumatatu naanza kazi. Nikiharibu, narudi kwenye mvua yangu.

Shule yenyewe Ijumaa hawakai darasani. Majani yakianza kupukutika, watoto wa miaka minne wanapelekwa msituni kuokota mbegu, kupima madimbwi kwa vijiti na kunusa uyoga. Eti ndiyo masomo. (Sisi tulikuwa tukirudi na tope tunachapwa. Hawa wakirudi wasafi wanaulizwa kama wanaumwa.)

Asubuhi getini mama mmoja, mtu wa Bukavu kule Kongo, akanisikia naongea na simu. Alivyofurahi!

"Maman, unasema Swahili? Bon! Mutoto wangu Grâce anasikia yote. Umusemeshe tu!"

Nikamsalimia Grâce, naye akanijibu, "Jambo, maman." Nikajiona nimeshaajiriwa.

Kabla hatujaingia msituni, mwalimu wao, Madamu Sylvie, akanivuta pembeni. Akaongea taratibu, maana Kifaransa changu bado kinatambaa. Kwenye majani kuna kupe, akasema. Mtoto akilalamika mdudu, usisubiri, shughulika. Nikatikisa kichwa kwa madaha. Kupe wanibabaishe mimi, binti wa mfugaji? (Mbuzi wawili. Lakini si ni mifugo?)

Mambo yakaenda vizuri. Tukarundika majani, watoto wakawa wanayarukia, na mimi nikaruka nao. Madamu Sylvie akatabasamu. Nikaruka tena ili aone vizuri.

Mara namwona Grâce amesimama mbele ya rundo, machozi yanamtoka, kidole kimeelekea kwenye majani.

"Mududu! Mududu!"

Hicho ni Kiswahili cha kwao, hakihitaji mkalimani. Nikachungulia. Mama yangu! Kitu cha kahawia, kina manyoya, kimetoa mkia nje. Hata kama si kupe, hicho si cha kuachia mtoto!

"Grâce, rudi nyuma!"

Nikamvuta nyuma yangu, nikaokota gongo, nikashusha. Nikashusha tena. Nikakikanyaga kwa buti, nikakisokota kwa kisigino, kisha nikakipiga teke hadi dimbwini. Nikawageukia watu wangu, mikono juu.

"Amekufa!"

Watoto wote wakakodolea macho dimbwi.

Halafu Grâce akaachia kilio ambacho nadhani kimefika Jette, upande wa pili wa mji. Wenzake wakapokea. "Amemuua doudou! Madamu amemuua doudou!"

Madamu Sylvie akaingia dimbwini, akakitoa kwa vidole viwili. Nyani wa kitambaa. Jicho moja limebaki.

Akanieleza, bado taratibu. Doudou, ambayo wao wanaitamka "dudu", ni mwanasesere wa mtoto kulala naye. Grâce alimdondosha kwenye majani, akawa analia "mon doudou", yaani doudou wangu, mimi nikasikia "mududu". Mtoto alikuwa anaongea Kifaransa muda wote! Nilitamani ardhi ipasuke. Kazi nikaiona inaondoka hivi hivi.

Nikapiga magoti topeni. "Grâce, nisamehe, mama."

Akavuta kamasi, akafikiri. "Omba yeye pardon."

"Nani?"

"Doudou."

Nikamwomba nyani msamaha. Kwa Kiswahili, mbele ya darasa zima.

"Sasa umubebe. Ku mugongo."

Nikavua mtandio, nikamfunga nyani mgongoni, maji ya tope yakanichirizika hadi kiunoni. Lakini kilio kikakoma. Tukarudi hivyo hivyo kwa tramu. Bibi mmoja wa Kibelgiji akainuka kwa upendo kuchungulia mtoto wangu. Alichokiona kikamfanya ahame kiti.

Getini mama yake Grâce alicheka hadi akashikilia geti. "Maman, ile hapana mududu! Ile ni kitu ya kulala nayo!"

Najua, dada. Sasa najua.

Watoto walipoisha, Madamu Sylvie akaniita. Nikaanza kutafuta Kifaransa cha kuagia.

"Ulidhani ni mnyama mkali?" akauliza.

"Ndiyo, Madamu."

"Na kabla ya kumpiga ulimweka mtoto nyuma yako. Nilikuona." Akang'ata mdomo kuzuia kicheko. "Jumatatu saa mbili. Usichelewe."

Nimelia kwenye tramu, jamani, furaha na aibu vimechanganyikana. Kazi nimepata! Ila watoto wameshanibatiza Madamu Dudu, na mwalimu mwenyewe kaanza kuniita hivyo. Kwa hiyo nyie niambieni hongera tu, kicheko kimalizieni huko huko kwenu.