Fremu ya Mawese Iliyoruka Hadi Manyovu

Leo nimeaibika mbele ya akina mama wa Kasulu, na bado natembea kifua mbele. Ngojeni niwaeleze mwenyewe, maana Bi Salma ameshaanza kuisambaza, na yule akihadithia anaongeza chumvi mpaka mchuzi haunyweki.

Karakana ya baba mnaijua. Mageti, madirisha, matela ya baiskeli. Mimi ndiye yule binti aliyesomea ufundi mitambo akarudi nyumbani (nimerudi kwa hiari yangu, acheni maneno). Sasa kuna kikundi cha akina mama wanaokamua mawese. Msimu uliopita, jeki ya kukandamizia chikichi ikiwa imekaza, fremu ya mashine yao ilikatika. Boriti ya juu ikachomoka, ikapita karibu kabisa na sikio la mwenyekiti wao, Mama Odetha. Tangu siku hiyo hakuna anayetaka kusogelea mashine. Wanakamua kwa mikono, na chikichi nyingine zinaozea shambani.

Wanataka mashine mpya. Nusu yao wanasema waagize mbali, nusu wanasema wampe baba. Leo ndiyo walikuwa wanaamua. Nikamwambia baba, "Niachie mimi."

Basi fremu nikaichora yote kwenye kompyuta, chuma kwa chuma. Baba akaja kuchungulia.

"Umeacha nafasi za kuchomelea?"

"Nimeacha, baba."

Kwetu huwezi kubananisha vyuma viwili ukachomelea juu juu. Unaacha kijinafasi katikati ili moto uingie ndani. Nimefundishwa hivyo tangu niko darasa la tatu. Kila kiungo kwenye mchoro wangu kilikuwa na nafasi yake, safi kabisa. Baba akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mimi nikavimba.

Nikakutana na akina mama stoo kwa Bi Salma, muuza vyombo, mtu wa Tanga aliyeolewa huku, kwa sababu ana TV kubwa. Nikachomeka laptopu. Nilishaweka ile programu ya majaribio, inayosukuma chuma kwenye kompyuta kabla hujasukuma chuma chenyewe. Nyumbani nilikuwa nimejaribu boriti moja peke yake, ikapita vizuri. Fremu nzima sikuwahi kuiingiza. Nikaona niingize pale pale, wanione nikifanya kazi. (Sifa jamani! Sifa zitaniua.)

Nikasimama mbele kama mkuu wa wilaya.

"Mama zangu, hii kompyuta haina undugu na mtu. Kama fremu ni ya kuvunjika, itavunjikia humu humu, na hakuna atakayeumia. Mtakachokiona hapa ndicho kitakachotokea."

Nani alinituma niseme ile sentensi ya mwisho? Nani?

Nikaingiza mchoro. Fremu ikatokea kwenye TV, nzuri, inang'aa. Wakapiga makofi. Kukatokea na kijiandishi cha onyo, cha njano, kirefu. Nikakifunga. (Nani anasomaga vile?) Nikaweka nguvu ya jeki ikisukuma boriti ya juu. Nikabonyeza.

Boriti ikaondoka.

Haikupinda, haikupasuka. Iliondoka! Miguu ya fremu imebaki chini imesimama wima, boriti imepaa ikatoka juu ya TV, ikapotea. Pembeni programu ikaandika umbali iliosogea. Nikapiga hesabu kichwani. Ilikuwa kama kutoka hapa mpaka Manyovu na kuvuka kuingia Burundi.

"Mawe!" Mama Odetha akamwita mama yake kwa Kiha, akaruka kutoka kwenye kiti, mkono sikioni.

Kisha Bi Salma, taratibu, na ile sauti yake ya Kitanga:

"Mwanangu, sisi tulikuagiza mashine. Hili roketi la nani?"

Jamani, walicheka! Mama mmoja aliangukia masufuria. Mwingine anauliza boriti ikishuka Burundi nani ataifuata. Mimi nabonyeza bonyeza vitu visivyokuwepo. Mama Odetha yeye hakucheka. Aliokota mkoba wake, akaelekea mlangoni. Nikajua akitoka huyu mlangoni, oda ya baba imetoka naye.

"Mama, naomba dakika chache. Nakuomba."

Akasimama hapo hapo mlangoni.

Nikaingiza mchoro upya. Onyo likaja tena. Safari hii nikalisoma (kwa adabu zote). Linasema vipande havijagusana. Nikakodoa macho kwenye kiungo. Mungu wangu! Zile nafasi! Kwetu karakana nafasi maana yake hapa patachomelewa. Kompyuta haijawahi kukanyaga karakana, yenyewe imeona boriti inaelea hewani, haijashikwa na kitu. Jeki imesukuma, boriti imekwenda zake. Ingefanyaje?

Nikaeleza kwa sauti, huku nachora: hapa ni moto wa kuchomelea, na hapa, na hapa. Nilijaza viungo vyote mbele yao. Nikaingiza tena. Onyo halikuja. Nikabonyeza.

Fremu ikasimama. Bluu, kijani, pembeni njano kidogo (rangi ya kuvunjika ni nyekundu, na haikuwepo). Boriti imetulia mahali pake.

Nilitaka kulia, wallahi. Ila Mama Odetha alikuwa bado mlangoni.

"Sasa ivunje."

"Mama?"

"Ongeza jeki mpaka ivunjike. Nataka kuona inavunjikia wapi."

Nikaongeza. Nikazidi kuongeza. Ilibidi nifike karibu mara tatu ya nguvu ya jeki yao ndipo boriti ikaanza kuwa nyekundu katikati, na viungo bado vimeshika. Nikamwonyesha. Akaja mpaka kwenye TV, akaweka kidole pale pekundu. Halafu akarudisha mkoba chini.

"Mtengeneze. Ila siku ya kwanza kukamua, anayepampu jeki ni wewe. Sisi tutakuwa nje."

"Nitapampu, mama," nikajibu kabla hajamaliza.

Nimemweleza baba. Kacheka mpaka kavua miwani ya kuchomelea. Kisha kaniambia viungo vya ile boriti nitachomelea mimi, yeye atasimama pembeni tu. Hajawahi kuniachia kazi ya mteja hata siku moja.

Kwa hiyo nyie chekeni, niiteni injinia wa anga. Ila mawese yakianza kutoka, sitaki kuona mtu hapa na kidumu chake.